Mwaka Nilioushitaki Ufalme

Habari za kifo cha Edina zilinikuta jikoni nikichambua maharage, na neno la kwanza lililonitoka, nikiwa peke yangu, kwa sauti, lilikuwa: "Amenikimbia." Sikusema maskini. Sikusema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Aliyenipigia simu, mwalimu tuliyefundisha naye Lushoto zamani, alidhani nalia, akaniambia kwa upole kwamba mazishi ni Jumamosi, kijijini kwao juu ya Soni, na kwamba watu wataelewa nikishindwa kufika, maana kutoka Muheza ni mbali na magoti yangu siku hizi hayapatani na baridi. "Najua mlivyopendana," akasema. "Mlikuwa mnakula sahani moja." Nikamwambia nitakuja. Nikamaliza kuchambua maharage, nikayaosha, nikayabandika jikoni, na nilipoketi kuyasubiri ndipo nilipojua kilichonishika. Haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira ya mtu aliyemvizia mwizi mlangoni usiku kucha, kumbe mwizi katokea dirishani.

Wapo wanaosema miaka hupoza mambo. Huenda yao hupoa. Mimi kisasi changu nimekitunza kama wenzangu wanavyotunza vitenge vya harusi: nakitoa sandukuni, nakikunjua, natazama kama nondo wamekigusa, nakirudisha. Mume wangu, Mungu amrehemu, alijua habari hiyo kwa juu juu na alikuwa akinitania kwamba akifa yeye kwanza nitamsahau mapema kuliko Edina. Alisema kweli kidogo. Kwa hiyo kabla sijapanda gari la kwenda kumzika, nataka kuuandika mwaka huo mmoja jinsi ulivyokuwa. Ya kwetu Mgwashi, ya wazazi na shule na ubatizo, nayaacha. Hayo ni ya watu wengi. Mwaka huu ni wangu na wake.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mwaka ule nchi ilipojiandaa kupiga kura ya vyama vingi kwa mara ya kwanza. Nilipangiwa Lushoto kufundisha sayansikimu, yaani kupika, kushona na kutunza nyumba, na kwa kuwa nyumba za walimu hazikutosha, mkuu wa shule alinipeleka kwa mwalimu wa Uraia aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya zamani ya Kijerumani nyuma ya mikaratusi. Ilikuwa nyumba ya mawe, yenye dari ya mbao iliyolia usiku kama mtu anayejigeuza kitandani, na meko ukutani ambayo Edina peke yake ndiye aliyejua kuyawasha bila kuijaza sebule moshi. Vyumba vilikuwa viwili na jiko la nyuma. Siku ya kwanza alinipokea akiwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi, mgongo umenyooka utadhani amekaa kitini mbele ya watu. Alinizidi miaka michache tu, lakini nilijikuta nimesema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kucheka, kisha ndiyo akacheka, akanisogezea kisu cha pili. "Kaa, mwalimu. Nyumba hii haina mgeni. Ina mtu na kisu chake."

Hivyo ndivyo nilivyompenda, kwa haraka na bila kujihifadhi. Tulipika kwa zamu, lakini zamu zake alinipa mimi kwa sababu alisema akikoroga yeye maharage yananuna. Jumamosi tulinunua sokoni mapeasi yaliyoiva sana, yale ambayo wachuuzi huyauza kwa bei ya kutupa, nami nikayachemsha na sukari tukapakaa kwenye mkate wiki nzima. Alipiga pasi ya mkaa kila jioni, sketi yake na yangu pamoja. Darasa langu la mapishi lilipakana na darasa lake, na wasichana wangu wakikanda unga nilimsikia akiwauliza wanafunzi wake kwa sauti kavu iliyopendeza: "Madaraka ya kiongozi yanatoka wapi?" Nao wanaitika kwa pamoja, "Kwa wananchi!" "Nani aliyezaliwa mkubwa kuliko mwenzake?" "Hakuna!" Hata vikombe vyangu vya chai vilitikisika kabatini. Nilijivunia kuishi na mwanamke yule.

Mwezi wa saba, baridi ilipozidi na ukungu ukawa unaingia mpaka ndani ya makabati, tulihamishia magodoro yetu sebuleni karibu na meko. Jioni moja tulikuwa tunachoma viazi majivuni, akanisimulia habari za ukoo wake. Edina alikuwa Mkilindi, wa ukoo uliotawala milima hii kabla ya Mjerumani na hata wakati wa Mwingereza, mpaka uhuru ulipowavua machifu vyeo vyao. Alisimulia vizuri, kama watu wanavyosimulia habari za kijiji walichohama. Alipomaliza akaniuliza, "Na ninyi?" Nami, kwa sababu ya moto na viazi na kupendwa, nikamwambia jambo ambalo kwetu halisemwi mbele ya watu. Mama wa bibi yangu, alipokuwa msichana mdogo, alichukuliwa na watu wa mfalme kwa kosa la baba yake. Kosa gani, hakuna anayejua. Wengine husema ni maneno tu aliyoyasema kilabuni. Yule msichana akapelekwa boma la mfalme akawa mteka maji, akazalia huko, na alipokuja kurudi, Wajerumani wakiwa wameshaingia, mama yake hakumtambua. Edina alisikiliza mpaka mwisho. Alinishika mkono, akasema, "Pole, mdogo wangu." Kiazi changu kikaungua. Akanipa chake.

Mwezi wa nane Edina akaniletea ndugu yake, Luka. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji mjini, mtu mrefu mwenye aibu, na kila Jumapili alikuja kukagua bomba letu ambalo halikuwa na ubaya wowote. Alipokwisha kulikagua mara nyingi kiasi cha kutosha, aliniambia nyuma ya jiko, akilitazama bomba na si mimi, kwamba angependa kunioa. Nilikubali kabla hajamaliza. Edina alipoambiwa alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza. Tukakubaliana kwamba mahindi yakishavunwa mshenga atapelekwa Mgwashi. Nikaanza kudarizi mashuka.

Kampeni za uchaguzi zilipopamba moto, magari ya vipaza sauti yalipita chini ya shule asubuhi na jioni, na walimu wote walikuwa na la kusema chumba cha chai, isipokuwa Edina. Nilidhani anajizuia kwa sababu ya cheo chake cha kufundisha Uraia. Jioni moja redio ilikuwa ikitaja wagombea, nikamwuliza kwa mzaha, "Haya, dada, kura yako utampa nani?"

"Sipigi," akasema. Alikuwa anashona kifungo.

"Mwalimu wa Uraia hupigi kura?"

"Mimi nina mtawala wangu. Hajarudishiwa kiti chake, basi."

Nikacheka. Aliukata uzi kwa meno, akanitazama, na nikaona kwamba nimecheka peke yangu. Nikamwuliza ana maana gani. Akaniambia, kwa utulivu uleule aliotumia kufundisha usawa, kwamba nchi hii ya milima haikuwahi kuwa na afya tangu siku Zumbe, mfalme, alipoondolewa. Alisema kwa Kishambaa, *kuzifya shi*, kuiponya nchi, kwamba ndiyo kazi ya mfalme na hakuna mwingine anayeiweza. Mvua ikikosekana, mfalme ndiye aliyeulizwa. Njaa ikija, ni yeye aliyekuwa na kosa, na wazee waliweza kumfukuza. "Sasa tazama. Misitu imekatwa, vijito vimekauka, nani anaulizwa? Mfalme aliyeshindwa na mvua alifukuzwa. Mbunge akishindwa na mvua anapewa posho."

"Na wale waliochapwa viboko wakachimbe matuta ya Mwingereza mashambani?" nikasema. "Machifu ndio waliosimamia."

"Walikuwa wametekwa na Mwingereza. Mfalme aliyefungwa kamba si mfalme."

"Na darasani? Hakuna aliyezaliwa mkubwa?"

"Nalipwa mshahara niseme hivyo, nasema. Mbona wewe unafundisha kupika keki watoto ambao kwao hakuna oveni?"

Hapo nilicheka kweli, na yeye akacheka. Nilimwona kituko cha kupendeza, mtu mwenye imani ya ajabu kama wale wanaoamini kwamba kahawa inatibu malaria. Nikamwuliza mwisho, nikijinyoosha kwenda kulala, "Na katika ufalme wako mimi nitakuwa nani?"

"Wewe?" akasema. "Wewe utakuwa rafiki yangu."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi miaka hii yote. Sikuuliza nitakuwa rafiki wa nani. Niliuliza nitakuwa nani. Yeye alijua tofauti. Alikuwa mwalimu mzuri mno asiijue.

Shangazi yao, Mama Damari, dada mkubwa wa baba yao, alikuja kututembelea baada ya mavuno. Ni yeye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo ule, na nilijua amekuja kunitazama. Nilimpikia ndizi kwa nyama, nikamchemshia maji ya kuoga, nikampa kitanda changu. Siku ya pili nilikwenda mazoezi ya kwaya kanisani, lakini mwalimu wa kwaya alikuwa na homa, tukarudishwa. Nilipita njia ya nyuma kwa sababu nilitaka kuchukua mboga bustanini, na nilikuwa nimesimama nje ya dirisha la jiko, mchicha mkononi, nilipolisikia jina langu. Walikuwa wanazungumza Kishambaa, polepole, kama watu wanaochagua mbegu.

"Mikono yake ni mizuri," alisema shangazi. "Ni wa watu gani?"

"Ni wa huku Mgwashi," Edina akasema. "Ni msafi, ana adabu, anamcha Mungu. Lakini sitakuficha, shangazi. Mama wa bibi yake alikuwa mteka maji bomani kwetu. Aliniambia mwenyewe."

Shangazi akaguna. "Basi Luka amwache."

"Nimeshamwambia angoje. Kiti kikirudi, Luka atakuwa karibu nacho. Watoto wake watasemwa."

"Na wewe utaishije naye humu?"

"Huyu? Huyu nampenda, shangazi. Hatakwenda popote. Watu wa namna hiyo ni waaminifu sana ukiwalea vizuri."

Niliutazama mchicha. Nilikuwa nimeukamua mpaka maji yake ya kijani yanachuruzika kwenye kiganja. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Angekuwa amenisengenya, angekuwa amenionea wivu, ningeingia ndani tukapigana tukamaliza. Yeye alinisema kama mtu anavyomsema ng'ombe wake mzuri. Nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa mbele nikiimba, wapate kusikia ninakuja, nikapika ule mchicha, nikawapakulia, nikawanawisha mikono. Shangazi alinibariki kabla ya kulala.

Luka alipitisha Jumapili kadhaa bila kuja. Alipokuja alisema dada yake ameshauri tusubiri, mambo ya ukoo hayajakaa sawa. Nikamwuliza mambo gani. Akalitazama bomba. Nilimpa chai, akanywa, akaondoka, nami nikayafumua mashuka yote uzi mmoja mmoja, kwa sababu vitambaa vilikuwa vyangu na niliweza kuvitumia kwa kazi nyingine. Edina sikumwambia kitu. Niliendelea kupika, kulala karibu na meko yake, kumwachia nyama ya chini ya sufuria. Watu hudhani kunyamaza ni unyonge. Siku zile nilijua kwa mara ya kwanza kwamba ndani yangu kuna mtu mwingine, mtulivu, mwenye macho ya paka, anayeweza kukaa hata mwaka mzima nje ya tundu moja.

Nafasi ilikuja shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili. Uchaguzi ulikuwa umepita na Edina aliona watu wamevunjika moyo. Kila chama kilikuwa kimeahidi barabara, na barabara ilikuwa ileile. Akasema sasa ndio wakati. Ukoo wao ulikuwa na mzee mmoja wa tawi dogo, anayeishi Tanga, ambaye kwa hesabu za shangazi ndiye aliyestahili kiti. Walipanga kumleta kijijini kwao, kumkalisha mbele ya wazee wa koo zote za jirani, wale chakula, na wazee waseme kwa kauli moja kwamba wanamtaka. Edina alinijia jikoni uso unang'aa, akanishika mabega yote mawili. "Mdogo wangu, ni wewe tu. Hakuna anayeweza kupika shughuli kama hiyo isipokuwa wewe."

"Nitakuja," nikasema. Ni neno lilelile nililomwambia yule mwalimu kwenye simu.

Sitadanganya kwamba chumvi haikunijia akilini. Ilinijia, na pilipili, na majani fulani ambayo mama yangu hutumia kusafisha tumbo. Nikavikataa vyote. Chumvi ni kisasi cha mtoto. Nilipika wali, ndizi, mbuzi wawili, maharage ya nazi, viazi vya kukaanga kwa vitunguu, na nilipika vizuri kuliko nilivyowahi kupika maishani, maana nilitaka watu wakae. Mtu mwenye njaa huondoka mapema.

Mzee mwenyewe alifika ubavuni mwa shangazi, amevaa sweta la kahawia na kofia ya sufu, akihema kwa sababu ya mlima. Alikuwa karani mstaafu wa mashamba ya mkonge. Walimkalisha kwenye kiti kilichotandikwa ngozi ya mbuzi, na jambo la kwanza aliloniuliza nilipompelekea chai ni kama haina sukari, kwa sababu daktari amemkataza. Nilimwonea huruma, lakini haikutosha kunizuia. Wazee walikuja wengi, wa koo za kawaida, watu waliokwisha kuzeeka na majembe. Walikula wakashiba. Kisha Edina akasimama. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu nilichokipiga pasi mimi. Alizungumza vizuri mno. Hata mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na taulo begani, nilihisi mwili unasisimka. Alisema serikali hupanda gari na kushuka, lakini mfalme huota mahali pamoja kama mti. Alisema tangu machifu waondolewe hakuna mtu milimani ambaye mnyonge anaweza kumpelekea shauri na kumtazama usoni. "Leo," akasema, "mwenye shauri, yupo wa kumwambia."

Nikaliweka taulo juu ya ndoo. Nikapita katikati ya wazee mpaka mbele ya kiti, nikapiga goti moja.

"Shikamoo, Zumbe."

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee, akitafuta kwa macho mtu wa kumsaidia. Edina alitabasamu. Alidhani nimekuja kumpa heshima. Nililiona tabasamu lile na nikaliacha likae kidogo, kama mtu anavyoacha sukari iyeyuke.

"Nina shauri," nikasema kwa Kishambaa, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyoitegemea. "Mama wa bibi yangu alichukuliwa na watu wa kiti hicho akiwa mtoto. Akateka maji ya boma mpaka mabega yakapinda. Kosa lilikuwa la baba yake, na halikuwa la damu wala la wizi. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyeombwa radhi. Na mwaka huu, katika nyumba ninayolala, nimeambiwa kwamba sifai kuolewa na mtu wa kiti kwa sababu ya maji yaleyale. Nimesikia leo kiti kimerudi. Basi nakuja kudai."

Nilisikia mafuta yakitoa mlio jikoni. Luka alikuwa amesimama karibu na nguzo ya baraza, ameinamisha kichwa. Mzee alijifuta midomo. "Hayo, mwanangu, ni ya zamani sana."

"Na kiti ni cha zamani sana, Zumbe."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na sufuria, mwenye jicho moja jeupe, akasimama taratibu akishikilia fimbo. "Mimi nami nina shauri," akasema. "Bonde letu la chini, lile lenye maji. Lilikuwa la babu." Wa pili akasimama kabla huyo hajakaa: baba yake alichapwa mbele ya watoto wake kwa kukataa kuchimba matuta, na aliyeshika fimbo alikuwa mtu wa chifu, hakuwa Mzungu. Wa tatu alidai ng'ombe. Wa nne hakudai kitu, alitaka tu lisemwe jina la dada wa bibi yake, alisema halijatajwa hadharani tangu alipochukuliwa, akalitaja, akakaa, akalia. Wote walimwelekea yule mzee wa sweta, na walimwita Zumbe kila mara, kwa heshima kamili, na kila waliposema Zumbe yeye alizidi kujikunja kwenye ile ngozi ya mbuzi.

"Jamani," akasema mwisho, kwa Kiswahili, "mimi niliambiwa kuna chakula cha ukoo. Mimi ni mstaafu. Sina bonde, sina ng'ombe. Naomba mnitafutie gari la Tanga." Alisimama, ngozi ikamfuata kwenye suruali, shangazi akaivuta. Nilimtazama Edina. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiwatazama wale wazee, mdomo umefunguka kidogo, na nilifurahi, Mungu anajua nilivyofurahi. Furaha ile niliisikia mpaka kwenye magoti. Nilirudi jikoni nikala nyama, na ilikuwa tamu.

Laiti mwaka ungeishia hapo. Asubuhi yake nilikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi nikisugua masufuria kwa majivu, na Edina akaja na beseni, akachuchumaa mbele yangu, akaanza kusuuza. Hakuwa amelala, macho yalikuwa mekundu. Nikangoja anitukane. Nilikuwa nimeyaandaa majibu yangu yote.

"Ulisikia maneno yangu na shangazi," akasema.

"Nilisikia."

"Nilisema kweli. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikuambia kama ndugu."

"Ningekuwa adui yako ningemficha shangazi, mkaoana, kisha watoto wako wakasemwa." Aliinua sufuria, akalitazama kwenye mwanga. "Lakini jana, mdogo wangu. Jana! Umewahi kuona mkuu wa wilaya akishitakiwa mbele ya watu wanyonge, akakaa akasikiliza? Umewahi kumwona mbunge? Yule mzee mwenye jicho bovu, hilo bonde amekaa nalo moyoni maisha yake yote, hakuwa na pa kulipeleka. Jana alikuwa napo. Wewe ndiye uliyemfungulia." Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli. "Nilikuwa nasema tu kwa maneno. Wewe ulionyesha mfalme ni wa nini. Mzee wetu hakufaa, basi. Tutatafuta mwingine."

Nilikuwa na sufuria mkononi. Nilimtupia. Lilimpita sikioni likagonga jiwe, likabonyea, na shangazi akatoka ndani akipiga kelele. Edina hakuinuka hata kidogo. Alilifuata lile sufuria kwa macho, kisha akanitazama kwa uvumilivu mkubwa, kama anavyotazamwa mtoto aliyechoka na safari. Alikuwa ameninyang'anya. Kisasi changu chote, mchicha niliokamua, miezi ya kunyamaza, goti nililopiga, alivichukua asubuhi moja tu akavitia kwenye imani yake, na vikaenea humo sawasawa. Sikuwa nimeuangusha ufalme wake. Nilikuwa nimeukalisha kitini.

Niliomba uhamisho, nikapelekwa Muheza. Kabla sijaondoka Luka alikuja, amevaa shati jipya, akasema hakuna haja tena ya kusubiri, shangazi ameogopa na hatasema neno. Nilimsikiliza mpaka mwisho kama dada yake alivyonisikiliza mimi karibu na meko. Kisha nikamwambia, "Kamwulize Edina kama nimelelewa vizuri," na nikafunga mlango. Kisasi hicho hakuna aliyeninyang'anya. Edina aliendelea kufundisha Uraia mpaka alipostaafu. Kila Krismasi alinitumia salamu kwa mtu, na kila Krismasi nilimrudisha mtu huyo bila jibu. Nilikuwa nangoja aje mwenyewe, mlangoni kwangu, aseme neno moja tu dogo ambalo hata mtoto hulisema akikukanyaga mguu.

Hayo niliyaandika kabla ya safari. Jumamosi nilipanda kwenda kuzika. Kulikuwa na ukungu, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Wanafunzi wake wa zamani walijaa mpaka kwenye migomba, watu wazima wenye suti. Jeneza lilikuwa uani, limefunikwa kitambaa cheupe. Luka alikuwa amekaa na wazee wa ukoo kwenye benchi la mbele, amenyauka, mkongojo katikati ya magoti. Mchungaji alipomaliza, msemaji wa familia akasimama, akauliza lile swali linaloulizwa katika kila msiba: kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze sasa, ndugu wapo, asije akadaiwa kaburini. Huulizwa kwa haraka, na hakuna anayesimama. Anayedai huwafuata ndugu kando baada ya mazishi. Nikasimama.

"Mimi namdai," nikasema.

Msemaji alikuwa kijana, hakunijua. "Unamdai nini, mama?"

"Wazee wanajua. Luka anajua."

Minong'ono ikaenda mpaka kwenye migomba, ikarudi. "Mama," alisema msemaji, na sauti yake ilikuwa ya upole, "unasamehe, au ukoo ulipe?"

"Ukoo ulipe," nikasema, na nilisikia utamu uleule wa siku ile ya nyama, mpaka kwenye magoti yangu mabovu. Jeneza lilikuwa pale, na waliotakiwa kulibeba walikuwa wamesimama na mikono yao wazi. Nilimsubiri miaka yote hii. Sasa alikuwa ananisubiri yeye.

Wazee wa benchi la mbele waliinamiana. Luka alikuwa akieleza kitu, sikioni kwa huyu, sikioni kwa yule. Mmoja alitikisa kichwa, mwingine akahesabu jambo kwa vidole, wa tatu akanitazama kwa makini na kwa heshima, kama mtu mwenye haki ya kusikilizwa. Watu wote uani waliwangoja, wale wa suti pia, na wanafunzi wake. Na pale, katikati ya kungoja kule, nikaona nilipo. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukoo wa wafalme, mara ya pili maishani, kitukuu cha mteka maji, nikingoja waamue. Mmoja wa wazee akaanza kuinuka, akijisafisha koo.

Nikakaa chini upesi, kabla hajafungua mdomo, nikajifunika kanga mpaka usoni ili nisimwone akinitafuta.